UZI: Makaratasi ya Kapteni Matthew Flinders: shajara ya kifungoni Mauritius, panya sandukuni na sanamu ya Sydney

Tanga Bovu (mleta mada):

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Kuna ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeitwa Matthew Flinders, mzaliwa wa Donington, Lincolnshire, mwaka 1774. Ndiye aliyeizunguka Australia nzima na meli ya Investigator mwaka 1802 na 1803, akachora ramani ya pwani yake, na ndiye aliyeling'ang'ania jina la Australia mpaka likashika. Wasifu wake umejaa kila kona, sina haja ya kuurudia. Ninachotaka tujadili ni makaratasi yake binafsi, maana ukiyasoma unakutana na mtu ambaye kwenye sanamu hayumo.

Ofisa wa meli enzi zile alikuwa na makaratasi ya namna mbili. Kuna ya kazi: daftari la safari, vipimo vya jua, kina cha maji, upepo, adhabu za mabaharia. Hayo ni mali ya mfalme, yanakwenda kwa wakuu wa jeshi, na leo mengi yako Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa. Halafu kuna yake mwenyewe: shajara, barua kwa mke, madeni, magonjwa, manung'uniko. Haya ya pili, kwa Flinders, sehemu kubwa iko Sydney kwenye Maktaba ya Jimbo la New South Wales, na nyingine Greenwich kwenye Makumbusho ya Taifa ya Bahari.

Shajara iliyoko Sydney inaanza Desemba 1803, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu inaanza pale anapokamatwa.

Ilikuwa hivi. Investigator iliota ubovu wa mbao, ikaonekana haifai. Flinders akapanda Porpoise kama abiria arudi kwao. Agosti 1803 Porpoise ikapanda mwamba usiku. Akarudi Sydney na mashua kuomba msaada, akawaokoa wenzake, kisha akapewa skuna ya tani 29 iitwayo Cumberland aende nayo mpaka Uingereza. Tani 29! Chombo kinavuja, pampu hazipumziki. Ikabidi aingie Île de France, ndiyo Mauritius ya leo. Mkononi alikuwa na pasi ya Wafaransa ya kumlinda kama mtu wa sayansi. Tatizo, pasi imeandikwa Investigator na yeye kaja na Cumberland. Tatizo la pili, vita vya Uingereza na Ufaransa vilikuwa vimeanza upya na yeye hana habari.

Gavana Charles Decaen akamweka kusubiri sana. Alipoitwa, Flinders akaingia na kofia kichwani, hakuivua. Decaen akachukia. Baadaye Decaen huyohuyo akatuma watu wamwalike kula chakula nyumbani kwake. Flinders akakataa: nitakula nawe nikiwa huru. Akajibiwa kwamba basi, akishakuwa huru ataalikwa tena.

Hakualikwa tena. Alikaa pale miaka sita na nusu.

Nakuja na sehemu ya sanduku.

Ngalawa Moja:

Naweka kambi hapa. Mkuu shusha nondo.

Sinahuruma:

Kofia tu miaka sita? Jeuri ya mtu na tumbo lake.

Tanga Bovu:

@Sinahuruma si kofia tu. Alikuwa amebeba barua za serikali kutoka kwa Gavana King wa Sydney, na ndani yake mlikuwa na mambo ya kijeshi. Chombo chenye pasi ya sayansi hakitakiwi kubeba vitu hivyo. Kwa hiyo Decaen hakuwa mwendawazimu kama Waingereza walivyopenda kumchora. Napoleon alikubali aachiwe tangu 1806, amri ikafika kisiwani 1807, Decaen akaikalia. Kufikia hapo Flinders alishakijua kisiwa kupita kiasi, na manowari za Uingereza zilikuwa zinazengea nje. Ungekuwa wewe gavana ungemwachia?

Sasa sanduku. Usiku wa kwanza tu, vitabu na makaratasi yake yalikusanywa yakatiwa ndani ya sanduku likapigwa lakiri. Baadhi alirudishiwa mapema aendelee na kazi. Sanduku lenyewe alikabidhiwa mwaka 1807. Lakiri zilikuwa salama. Kulifungua, panya walishaingia na kujenga viota humo, makaratasi yameliwa. Na daftari la tatu la safari, lile la miezi ya mwisho, halimo. Decaen alilibakiza. Flinders alilidai na kulidai, akafa hajaliona tena.

Kwa hiyo kitabu chake kikubwa cha safari aliandika sehemu ile ya mwisho bila daftari lake rasmi, akiegemea kumbukumbu na makaratasi mengine yaliyosalia.

Karani Mstaafu:

Nimefanya kazi ya nyaraka maisha yangu yote ya ajira, naomba niongeze jambo ambalo wengi hulipita.

Humo Sydney pamoja na shajara kuna madaftari ya nakala za barua. Mtu wa wakati ule akiandika barua muhimu, anainakili kwa mkono kwenye daftari lake kabla ya kuituma, kwa sababu barua inakwenda na meli, na meli inazama, inatekwa, au inachelewa mwaka. Mara nyingi barua ileile inatumwa zaidi ya mara moja kwa meli tofauti. Ndiyo maana tunajua Flinders alimwandikia nini Sir Joseph Banks, yule mwanasayansi mkubwa wa London aliyekuwa mfadhili wake, wakuu wa jeshi la majini, na rafiki zake wa kisiwani, hata pale ambapo barua yenyewe imepotelea kwa mpokeaji.

Mtafiti makini hufungua daftari la nakala kabla ya shajara. Shajara mtu anaweza kujipamba, maana anajua siku moja itasomwa. Barua ya kudai mshahara haina mapambo.

Binti wa Kilindini:

Shikamoo mzee Karani.

Wenzangu mbona mnampita mtu wetu? Humo kifungoni Mauritius mlikuwa na ofisa mwingine wa Kiingereza, Luteni William Fitzwilliam Owen. Alitekwa na Wafaransa 1808, akakaa huko mpaka 1810, akawa rafiki wa Flinders na wakawa wanaandikiana. Huyo Owen ndiye yuleyule aliyekuja hapa Mombasa Februari 1824 na meli ya Leven, wakati Wamazrui wako Fort Jesus na Seyyid Said anawabana, akakubali kuiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Kiingereza bila ruhusa ya mtu yeyote London. Bendera ikakaa mpaka 1826, London wakaikataa, ikashushwa.

Kijana aliyeachwa kuwa mkuu wa kituo, Luteni Reitz, alikufa kwa homa mwaka huohuo 1824. Port Reitz tunayopita kila siku kwenda uwanja wa ndege ni jina lake. Aliyemfuata, Luteni James Emery, aliandika shajara ya kituo, nayo iko Kew mpaka leo.

Sasa niambieni: Owen alijifunza wapi kupuuza ruhusa ya wakubwa?

Ngalawa Moja:

Dada umetisha. Hili la Owen kuwa mfungwa Mauritius na Flinders silikuwa nalo kabisa.

Tanga Bovu:

@Binti wa Kilindini marahaba kwa hili, umenipa zawadi. Ila sidhani alijifunza kwa Flinders. Flinders alikuwa mtu wa taratibu mno, hata kifungoni anaandika barua kwa Decaen za kisheria, hoja kwa hoja. Owen alikuwa mtu wa dini aliyechukia biashara ya watumwa, na alidhani kuishika Mombasa ni njia ya kuizuia. Walichofanana ni kazi: wote wapima pwani. Owen amechora pwani ya Afrika Mashariki huku homa ikimaliza mabaharia wake, ramani zake zikatumika miaka na miaka.

Sinahuruma:

Sawa, lakini tusizunguke. Hawa wazungu wawili wamekaa kwenye kisiwa cha watumwa. Watumwa wenyewe wako wapi kwenye hayo makaratasi? Au ni Flinders na kofia yake tu?

Tanga Bovu:

Swali la maana, na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kuanzia Agosti 1805 Flinders aliruhusiwa kuhama jela akaishi shambani, Plaines Wilhems, nyumba iitwayo Le Refuge, ya mama mmoja mjane, Madame D'Arifat. Huko alijifunza Kifaransa, alipiga filimbi, alifundisha vijana wa nyumba hesabu, alitembea milimani. Kurasa hizi ni nzuri kuzisoma, mtu katulia, mvua inanyesha, anasoma. Sasa jiulize nani analima, nani anapika, nani anabeba barua mpaka Port Louis na kurudi.

Ufaransa ilifuta utumwa 1794, walowezi wa Île de France wakagoma kutii, na 1802 Napoleon akaurudisha rasmi. Watu wale walitoka Madagascar, Msumbiji na pwani yetu. Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kuuziwa watumwa 1000 kila mwaka. Kwa hiyo ukisoma shajara ya Le Refuge, wajukuu wa watu wa Kilwa na bara yake yawezekana wako uani pale. Flinders anawataja kwa kupita, kama mtu anavyotaja hali ya barabara.

Na kuna lile la paka.

Ngalawa Moja:

Paka??

Tanga Bovu:

Flinders alikuwa na paka anaitwa Trim, alizaliwa melini 1799 katikati ya Rasi ya Tumaini Jema na Australia. Mweusi, miguu myeupe, na nyota nyeupe kifuani. Alizunguka naye Australia, alinusurika naye Porpoise ilipovunjika. Wakiwa kifungoni Trim akapewa mama mmoja wa Kifaransa awe mwenzake binti yake, wiki chache tu akapotea.

Mwaka 1809, bado mfungwa, Flinders akamwandikia paka huyo maombolezo. Muswada wake uko Greenwich. Ni maandishi ya mzaha na mapenzi, unacheka peke yako: anamweleza Trim kama vile anaandika wasifu wa admirali. Halafu karibu na mwisho anasema Trim huenda alipikwa na kuliwa na mtumwa mweusi mwenye njaa.

Hapo nilisimama. Ushahidi hana, anakisia tu. Lakini tazama alivyokisia: kati ya watu wote wa mji ule, Wafaransa, mabaharia, wanajeshi, kidole kimekwenda kwa mtumwa. Na hilo neno njaa kaliweka mwenyewe. Alijua kwamba wana njaa, na katika kurasa zile anamlilia paka.

Sinahuruma:

Nimekosa la kuandika. Endelea.

Karani Mstaafu:

Hapo ndipo thamani ya makaratasi binafsi. Kwenye kitabu chake rasmi kilichotoka 1814 sentensi ya namna hiyo isingepita. Mtu akiandikia nyumbani, anaacha mlango wazi.

Nanyi vijana msitupe karatasi kwa sababu zinamwaibisha marehemu. Nimeona familia zikichoma barua za babu kwa sababu kuna sehemu anatukana mtu. Sehemu ile ndiyo ilikuwa mali.

Mgosi wa Pangani:

Nimechelewa mada nzuri. Mimi ni baharia, nimekaa kwenye meli za mizigo. Jina la Flinders nilikuwa nalijua kabla ya kujua kwamba alikuwa mtu. Kwenye meli ya chuma, mbele ya dira kubwa pale darajani, kuna pau ya chuma laini imesimama wima kwenye bomba. Inaitwa pau ya Flinders. Kazi yake ni kusawazisha mvuto wa chuma cha meli ili sindano isidanganye.

Ni yeye kweli?

Tanga Bovu:

Ndiye mkuu. Na kazi ile alikuwa anaiandika akiwa mfungwa. Alipokuwa anazunguka Australia aliona sindano ya dira inasoma hivi meli ikielekea mashariki, na vingine ikielekea magharibi, mahali palepale. Akagundua ni chuma cha ndani ya meli. Barua yake kuhusu jambo hilo ilifika kwa Banks na ikachapishwa na Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1805, mwenyewe yuko kizuizini. Pau yenyewe ilikuja kuitwa jina lake baadaye.

Hata ramani ya Australia yote aliichora hukohuko, 1804. Iko Taunton, kwenye ofisi ya ramani za bahari ya Uingereza, na jina la Australia limeandikwa juu yake kwa mkono wake.

Ndiyo maana nasema Decaen bila kujua alitufadhili. Ofisa anayesafiri hana muda, anaandika upepo na kina cha maji basi. Huyu alinyimwa bahari, akabaki na wino.

Mgosi wa Pangani:

Na mambo ya wavuvi wa jongoo bahari? Niliwahi kusikia kwamba alikutana nao.

Tanga Bovu:

Umenikumbusha. Februari 1803, kaskazini mwa Australia, Investigator ilikuta vyombo sita vimetia nanga. Wakadhani maharamia. Kumbe wavuvi kutoka Makassar, Sulawesi, wamefuata jongoo bahari. Mpishi wa Flinders alikuwa Mmalai, akawa mkalimani. Mkuu wao, mzee aitwaye Pobassoo, akaeleza kwamba msimu ule wamekuja vyombo 60 na watu kama 1000, na yeye mwenyewe ameshakuja mara sita au saba katika miaka 20. Wanazamia, wanachemsha, wanakausha, wanawauzia Wachina.

Kwa hiyo wakati Mwingereza anajiita mvumbuzi wa pwani ile, Waislamu wa Makassar wanaingia na kutoka kwa pepo za msimu kila mwaka. Mtu wa Pangani au Unguja anaielewa biashara hiyo bila kufundishwa. Na sifa moja nimpe Flinders, aliyaandika yote na jina la mzee akaliweka. Vilevile hakuficha kwamba Bungaree, mwenyeji wa upande wa Sydney, alizunguka naye bara lote na mara nyingi ndiye aliyetangulia ufukweni kuzungumza na watu.

Binti wa Kilindini:

Na mke? Mwanamume ana mke au ameoa bahari?

Tanga Bovu:

Ann Chappelle. Walioana Aprili 1801, miezi michache kabla ya kung'oa nanga. Flinders alitaka kumchukua safarini kwa siri. Wakubwa wa jeshi walipopanda kukagua meli wakamkuta Ann kwenye chumba cha kapteni, kajiachia kama mtu aliye kwake. Akaambiwa: ukimchukua, meli anapewa mwingine. Akachagua meli. Hawakuonana tena mpaka 1810. Barua alizomwandikia kwa miaka yote tisa Ann alizitunza, na ndizo zinazosomwa leo.

Binti yao wa pekee, Anne, alizaliwa 1812. Miaka miwili baadaye, Julai 1814, baba akafa kwa maradhi ya njia ya mkojo, siku moja baada ya kitabu chake kuchapishwa. Shajara inakwenda mpaka siku chache kabla ya kifo, na kurasa za mwisho ni maumivu, dawa na usiku usiolalika. Si za kusoma ukiwa unakula.

Ngalawa Moja:

Sasa makaratasi ya Mwingereza yamefikaje Sydney? Yalinunuliwa?

Karani Mstaafu:

Hili nalijua, niachie Tanga.

Makaratasi yalibaki kwa familia. Ann alifariki 1852 bila pensheni ya maana. Mwaka uliofuata makoloni ya New South Wales na Victoria yakapitisha malipo ya pauni 100 kila moja kwa mwaka, yakamkuta keshazikwa, yakaenda kwa binti. Binti akasema fedha hizo zitamsomesha mwanawe. Mwana huyo ndiye Flinders Petrie, yule mwanaakiolojia mkubwa wa Misri.

Petrie akarithi makaratasi ya babu. Akatoa sharti: mji utakaomjengea babu yangu sanamu ndio utakaopata nyaraka. Sydney ikajenga. Sanamu ilizinduliwa 1925, imesimama ubavuni mwa Maktaba ya Mitchell, ambayo ni sehemu ya hiyo Maktaba ya Jimbo. Na tangu 1996 Trim naye ana sanamu yake ya shaba, kwenye kizingiti cha dirisha nyuma ya bwana wake.

Kwa kazi yetu ile, biashara ya namna hii si aibu. Nyaraka nyingi duniani zimehifadhiwa kwa sababu mtu fulani alitaka sifa ya ukoo.

Sinahuruma:

Paka kapata sanamu. Waliosingiziwa kumla je?

Binti wa Kilindini:

@Sinahuruma leo umeamka vibaya ila uko sawa.

Mgosi wa Pangani:

Na kaburi? Nimesikia lilipatikana chini ya reli.

Tanga Bovu:

Karibu na hivyo. Alizikwa St James's, London, makaburi yakaja kumezwa na upanuzi wa eneo la stesheni ya Euston, alama ikapotea. Januari 2019 waakiolojia waliokuwa wanachimba kupisha reli mpya ya mwendo kasi wakakuta jeneza lenye bamba la madini ya risasi juu ya kifua, jina lake linasomeka vizuri. Julai 2024 alizikwa upya kanisani kwao Donington.

Ngalawa Moja:

Mleta mada, mtu asiye na nauli ya Sydney anasomaje?

Tanga Bovu:

Shajara na madaftari ya barua yamepigwa picha, yako kwenye tovuti ya maktaba yenyewe, bure. Mwandiko wake ni safi, wa mtu aliyezoea kuandika meza ikiyumba. Anza 1805, alipohamia Le Refuge. Soma na kalamu mkononi, na kila anapotaja mtumishi bila jina weka alama. Mimi ndivyo ninavyofanya sasa hivi, nikimaliza nitaleta orodha hapahapa.

@Binti wa Kilindini wewe fuatilia Emery wa Kew. Kituo kizima cha Kiingereza Mombasa ya 1824 hakikuendeshwa na Luteni peke yake, lazima kuna majina ya watu wa Mji wa Kale humo.

Binti wa Kilindini:

Nimeshaandikia mtu aliye London aende akaangalie. Kumbe pale Kew wanaruhusu kupiga picha nyaraka na simu, hawalipishi. Akileta nabandika.

Ngalawa Moja:

Kambi haivunjwi.